Thick as a Brick au A Passion Play: uanze na ipi?

Ukitaka kuingia kwenye kazi ndefu za Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, wapenzi wa roki ya progresivu (roki ya nyimbo ndefu zenye kubadilika-badilika midundo) watakutajia albamu mbili, na hapohapo wataanza kubishana. Thick as a Brick ilitoka Machi 1972. A Passion Play ilitoka Julai 1973. Zote mbili ni za bendi ileile ya watu watano, zilirekodiwa katika studio ileile ya Morgan jijini London, na kila moja ni wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri. Zote zilifika namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard huko Marekani. Hata hivyo, ya kwanza ilipokelewa na wahakiki kwa heshima, na ya pili wakaichana. Wasikilizaji hawakuwafuata. Waliinunua ya pili kama walivyoinunua ya kwanza, na hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba hiyo iliyochanwa ndiyo bora.

Msimamo wangu nausema mapema: anza na Thick as a Brick, lakini usiiache A Passion Play kwa sababu ya yale yaliyoandikwa mwaka 1973. Yale maandishi yana thamani yake, ila kabla ya kuyafuata ujue aliyeandika alisikia nini, alisikilizia wapi, na alisikia mara ngapi. Hapo ndipo sifa na lawama za albamu hizi mbili zinapoachana.

Zilivyopatikana

Mwaka 1971 Jethro Tull walitoa Aqualung, na wahakiki wengi wakaiita albamu ya dhana, yaani yenye wazo moja linalofunga nyimbo zote. Ian Anderson, mwimbaji, mpiga filimbi na mtunzi wa bendi, alikataa. Kwake zile zilikuwa nyimbo mbalimbali tu. Akaamua kwamba kama albamu ya dhana ndiyo wanayoitaka, basi atawapa moja iliyopita zote, tena ya kuutania mtindo wenyewe. Akabuni mtoto wa miaka minane, Gerald Bostock, mshairi aliyeshinda shindano kwa utungo mrefu kisha akanyang'anywa tuzo baada ya watu kulalamika. Maneno ya albamu yakawa ndiyo huo utungo. Jalada likawa gazeti la kurasa 12 la mji mdogo wa kubuni, lenye habari, matangazo na michezo ya maneno. Anderson amesimulia kwamba kulitengeneza gazeti kulichukua muda mrefu kuliko kurekodi muziki. Wapo walioamini kabisa kwamba Gerald ni mtoto wa kweli.

Namna walivyoifanyia kazi inaeleza mengi kuhusu inavyosikika. Anderson alikuwa akitunga kipande asubuhi, anakwenda nacho mazoezini, bendi inajifunza, kesho yake anakuja na kinachofuata. Muziki ulikua kwa mpangilio uleule utakaousikia, kutoka mwanzo kwenda mwisho. Ndiyo maana mabadiliko yake mengi hayashtui: kila kipande kilitungwa na mtu ambaye masikio yake bado yalikuwa na cha jana.

A Passion Play ilizaliwa kwa uchungu mwingine. Mwaka 1972 bendi ilikwenda kurekodi Château d'Hérouville, studio iliyokuwa ndani ya jumba la kale karibu na Paris. Sababu mojawapo ya kuhama ilikuwa kodi kubwa ya Uingereza. Huko waliugua, mitambo iliwasumbua, wakachoka kuwa mbali na kwao. Wakaamua kurudi nyumbani na kuacha nyuma muziki wa karibu saa nzima. Mapema mwaka 1973, huko London, Anderson akatunga kazi karibu mpya kabisa kwa haraka. Kisa chake kinamfuata Ronnie Pilgrim, mtu aliyekufa. Anaushuhudia msiba wake mwenyewe, anaonyeshwa maisha yake yote mbele ya waamuzi, anaingia peponi na kuona hapamfai, anakwenda kwa Lusifa na huko pia hapawezi, mwisho anarudi kwenye uhai.

Kwa hiyo umbo la kazi zote mbili ni moja, ila ya kwanza ni mzaha uliofanywa na watu wenye furaha, na ya pili ni jambo zito lililofanywa na watu waliotoka kupoteza kazi ya miezi. Mimi naisikia tofauti hiyo katika dakika tano za mwanzo. Thick as a Brick inafungua kwa gitaa la akustika na filimbi, na sauti ya Anderson iko karibu, kama anazungumza nawe. A Passion Play inafungua kwa mapigo ya moyo yanayokaribia taratibu, kisha vinanda vya elektroniki na mchafuko wa midundo, na inakubidi usubiri kabla mtu hajafungua kinywa kuimba.

Wahakiki walisema nini

Mwaka 1972 jarida la Rolling Stone liliipa Thick as a Brick sifa kubwa kwa ustadi wake, pamoja na mashaka machache. Chris Welch wa Melody Maker, gazeti la muziki la kila wiki, mmoja wa waandishi wa muziki waliosomwa sana Uingereza wakati ule, naye aliipokea vizuri, na aliona kwamba ni muziki unaohitaji muda ili ukuingie. Kauli hiyo ya muda uishike, maana inarudi.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Bendi ilianza kuipiga A Passion Play jukwaani kabla albamu haijafika madukani. Fikiria hali ya mhakiki aliyekuwa Wembley, London, Juni 1973. Anakaa katika ukumbi mkubwa, anapigiwa dakika 45 za muziki ambao hajawahi kuusikia hata mara moja, wenye maneno mengi, bila karatasi ya maneno mkononi. Midundo inabadilika kila dakika. Katikati inaingia filamu fupi ya sungura aliyepoteza miwani. Kisha anakwenda nyumbani kuandika. Welch huyohuyo aliandika kwa ukali. Albamu ilipotoka, Rolling Stone, lililoisifu ile ya kwanza, liliiona hii kuwa upuuzi wa gharama kubwa na wa kuchosha.

Likafuata jambo lililoharibu zaidi. Melody Maker lilichapisha kwenye ukurasa wa mbele habari kwamba Jethro Tull wanaacha kufanya maonyesho kwa sababu ya uhakiki mbaya. Tangazo lilitoka kwa meneja wao, Terry Ellis, na wanamuziki wenyewe hawakuwa na habari nalo. Bendi iliyokuwa imejaza kumbi kubwa za Marekani ikaonekana kama kundi la watoto waliosusa. Anderson alichukia, na kwa haki. Tangu hapo haikuwezekana tena kuizungumzia A Passion Play bila kuizungumzia ile habari, na naamini sehemu kubwa ya sifa mbaya inayoifuata mpaka leo ilitokana na kichwa cha habari kile kuliko na muziki wenyewe.

Tena kuna wakati wenyewe. Machi 1973 Pink Floyd, bendi nyingine ya Uingereza, walitoa The Dark Side of the Moon, ambayo nayo inafungua kwa mapigo ya moyo, nayo inazungumzia kifo, lakini imegawanyika katika nyimbo fupi zenye melodi pana ambazo mtu anazikamata papo hapo. Hiyo ikawa kipimo. Wahakiki wengi walikuwa wameanza kuchoshwa na santuri za wimbo mmoja, na yeyote aliyekuja baada ya hapo na dakika 45 zisizokatika alikuwa akibisha mlango unaofungwa. Miezi michache baadaye bendi ya Yes nao waliadhibiwa vilevile kwa Tales from Topographic Oceans, nyimbo nne kwenye santuri mbili.

Je, wahakiki walikosea? Kwa sehemu tu. Walichokisema kuhusu kusikia kwa mara ya kwanza ni kweli tupu. A Passion Play kwa mara ya kwanza inachosha. Ala zimerundikana, saksafoni inaingia mahali ambapo sikio linaomba nafasi, na maneno yamejaa mafumbo hata msemaji wa Kiingereza anapotea. Anderson mwenyewe kwa miaka mingi amekubali kwamba waliijaza kupita kiasi. Mhakiki anayekwambia haya hakudanganyi. Kosa lilikuwa kuchukua usikivu wa usiku mmoja na kuufanya hukumu ya mwisho, wakati mwaka mmoja nyuma waliipa dada yake ruhusa ya kuchelewa kuingia.

Wasikilizaji walisema nini

Msikilizaji wa 1973 hakuwa na tarehe ya mwisho ya kupeleka makala. Alikuwa na santuri moja mpya mwezi ule, pengine pekee aliyomudu, na aliipiga mpaka akaijua. Ndiyo maana A Passion Play ilipanda hadi namba moja Marekani huku magazeti yakiizomea. Uingereza hali ilikuwa baridi zaidi: Thick as a Brick ilikuwa imefika namba 5, hii ikaishia namba 16. Nadhani ukaribu wa wasomaji wa Uingereza na magazeti yao ya muziki ya kila wiki ulichangia, ingawa hata huko kushuka huko si kuanguka.

Miaka zaidi ya hamsini imepita na makundi yamejipanga. Thick as a Brick inakaa karibu na kilele cha karibu kila orodha ya albamu bora za aina hii, na ni nadra kukutana na mpenzi wa roki ya progresivu anayeichukia. Wanaoipenda huitaja kwa mambo yaleyale: melodi ya mwanzo isiyotoka kichwani, ucheshi wa gazeti, filimbi, ogani ya John Evan, na ngoma za Barriemore Barlow, ambaye hiyo ndiyo ilikuwa albamu yake ya kwanza nzima na bendi. Lawama yao ya kawaida ni moja, kwamba upande wa pili unalegea kidogo baada ya robo yake ya kwanza. Nakubaliana nao. Kuna sehemu pale ambapo bendi inatafuta njia, na melodi ya mwanzo inaporejea mwishoni ndipo mambo yanakaa sawa tena.

Kwa A Passion Play hakuna watu wa katikati. Wengine huipa nyota moja na kuishia kwenye ile hadithi ya sungura iliyomo katikati ya albamu. Wengine huiweka juu ya kila kitu alichowahi kufanya Anderson, na hawa mara nyingi hutoa ushuhuda unaofanana: waliisikia, hawakuipenda, wakairudia kwa sababu hawakuelewa kwa nini haikuwatoka akilini, na siku moja ikafunguka. Ushuhuda unaojirudia hivyo kwa watu wasiojuana siuoni kuwa ushabiki mtupu. Muziki wenyewe umejengwa kwa vipande vinavyorejea vikiwa vimevaa nguo nyingine, na sikio halivitambui mpaka liwe limevizoea. Thick as a Brick inakurudishia melodi zake waziwazi, inakushika mkono. A Passion Play inazificha.

Zikiwekwa pamoja

Kwa melodi, Thick as a Brick inashinda, na haishindi kwa kidogo. Dakika tatu zake za mwanzo zimepigwa redioni miaka yote kama wimbo unaojitegemea. Kutoka A Passion Play pia walikata kipande na kukitoa kama singo, na hakikufika mbali, kwa kuwa ni vigumu kukata popote bila kuacha damu.

Kwa upigaji wa ala, naipa A Passion Play. Bendi hii haikuwahi kupiga kwa ukali na usahihi namna ile tena. Sikiliza upande wa pili, baada ya sungura, Martin Barre anavyoingiza gitaa lake juu ya ngoma za Barlow. Mpiga ala, hasa wa ngoma au besi, atapata hapo chakula cha mwaka mzima. Msikilizaji anayetaka tu kukaa na muziki jioni anaweza kuhisi amepelekwa mbio.

Kwa rangi ya sauti, jiulize unapenda nini. Thick as a Brick ni filimbi, gitaa la akustika, ogani na piano. A Passion Play ni saksafoni na vinanda vya elektroniki, filimbi ikiwa kidogo kuliko ulivyotarajia. Kama ulimpenda Anderson kwa filimbi yake, na wengi tulianzia hapo, hii ya pili itakunyima kwa muda mrefu.

Kwa maneno, uamuzi ni mgumu. Utungo wa Gerald unashambulia unafiki wa watu wazima, shule, jeshi na heshima za bandia. Unaukamata hata ukiokota mistari michache tu. Safari ya Ronnie Pilgrim ni simulizi moja, na usipoisoma ukiwa unasikiliza utakosa karibu yote. Ukiisoma, lakini, utakuta wazo ambalo ni wahakiki wachache tu walilifikia: mtu anaikataa pepo na jehanamu zote mbili, kwa sababu binadamu si mwema kiasi kile wala mwovu kiasi kile. Kwangu huo ndio moyo wa albamu, na ni wazo kubwa kuliko lolote lililomo kwenye gazeti la Gerald.

Sungura nampitia haraka. Ni hadithi ya dakika nne hivi, inasimuliwa na mpiga besi Jeffrey Hammond kwa sauti ya kuigiza, inakata albamu katikati, na imegawa watu kuliko kitu kingine chochote humo. Mimi naona inampa msikilizaji pumzi mahali anapoihitaji. Usipoipenda, iruke, kisa cha Pilgrim hakitapungukiwa.

Urefu usikutishe kwa yoyote kati ya hizi. Aliyewahi kukaa ukumbini na kusikiliza wimbo mmoja wa taarabu ukienda nusu saa, watu wakitunza na mwimbaji akirudia ubeti, tayari ana subira inayotakiwa.

Nakala ya kutafuta

Steven Wilson, mwanamuziki wa Uingereza anayejulikana kwa kuchanganya upya kanda za albamu za enzi hiyo, alizishughulikia zote mbili: Thick as a Brick mwaka 2012 na A Passion Play mwaka 2014. Kwa ile ya kwanza, mchanganyiko mpya ni mzuri, ila wa zamani haukuwa na tatizo kubwa, pata wowote. Kwa ya pili, nakusihi utafute wa 2014. Ule mrundikano uliowachosha wahakiki umepata nafasi, kila ala inasikika ilipo, na yamerudishwa mashairi machache yaliyokatwa mwaka 1973. Toleo hilohilo linabeba rekodi za Hérouville zilizoachwa Ufaransa, na ukizisikia utaelewa walichopoteza. Baadhi ya waliobadili mawazo yao kuhusu albamu hii walibadili baada ya kusikia mchanganyiko huu, na siwashangai.

Kuna matoleo ya kidijitali yaliyokata kazi hizi kuwa vipande vingi vyenye majina. Yanasaidia unapotaka kurudi mahali fulani. Hakikisha tu programu yako haiweki sekunde za kimya kati ya kipande na kipande, na usiwashe uchezaji wa kuchanganya mpangilio wa vipande (shuffle).

Uchukue ipi

Kama hujawahi kusikiliza Jethro Tull, au roki ya progresivu kwa jumla, chukua Thick as a Brick. Sikiliza upande wa kwanza peke yake, bila kufanya jambo jingine, kisha uache mpaka siku nyingine. Ukijikuta unaimba ule mwanzo barabarani, rudi umalizie.

Kama tayari unazijua bendi nyingine za aina hii kama Yes, Genesis au King Crimson na hutishiki na mabadiliko ya mdundo, unaweza kuanza na A Passion Play. Utakutana nayo bila kuilinganisha na dada yake kila dakika, na hilo ndilo ambalo karibu kila msikilizaji wa 1973 alilikosa.

Kama wewe ni mtu wa maneno kwanza na muziki baadaye, nenda moja kwa moja kwa Ronnie Pilgrim, maneno yakiwa mbele yako.

Kama unanunua zawadi kwa mtu usiyemjua vizuri masikio yake, usijaribu A Passion Play. Nunua Thick as a Brick, na ukipata santuri yenye gazeti zima ndani, lipia hiyo hata kama bei imezidi kidogo.

Na ukishaipenda ya kwanza ukataka kwenda kwenye ya pili, soma uhakiki wa 1973 baada ya kuisikiliza mara tatu au nne, si kabla. Wakati huo utaona wapi mwandishi alikuwa sahihi kuhusu saksafoni na wapi aliondoka ukumbini mapema mno kuusikia wimbo.